Tufani na Onyo Lake: Somo kutoka Pwani ya Kilwa na Lindi

Jumamosi tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika kisiwani Mafia. Katika lugha yetu hidaya ni zawadi, lakini zawadi hiyo haikumfurahisha mtu. Upepo ulidhoofika ulipogusa nchi kavu, mvua haikudhoofika. Wilayani Kilwa maji yaliikata barabara kuu ya Kusini katika eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa mikoa ya Lindi na Mtwara haikuweza kufikiwa kutoka Dar es Salaam kwa njia hiyo. Abiria wakakwama njiani, na malori ya vyakula pamoja nao. Hayo yalilipata taifa lililokuwa limekwisha kuumia, kwani siku 9 tu kabla yake Waziri Mkuu alikuwa amelieleza Bunge kwamba mvua kubwa na mafuriko ya msimu ule yamekwisha kuua watu 155.

Mambo ya namna hii hayafai kusomwa gazetini na kusahauliwa kesho yake. Yatupasa kuyafanya somo la nyumbani. Basi leo tujiulize: tufani ni nini? Kwa nini hutujia mara chache? Na kwa nini uchache huo wenyewe ni hatari?

TUFANI NI NINI?

Tufani, ambayo wataalamu wetu wa hali ya hewa huiita kimbunga, ni mtoto wa bahari yenye joto. Maji ya juu ya bahari yakifikia joto la nyuzi 26 au 27 za Selsiasi, mvuke mwingi hupanda angani. Huko juu mvuke hupoa na kugeuka mawingu na mvua. Na katika kugeuka huko hutoa joto lililokuwa limefichika ndani yake. Joto hilo huisukuma hewa izidi kupanda, na chini yake kanieneo ya hewa hupungua. Hapo hewa ya pande zote hukimbilia kujaza upungufu ule. Lakini kwa kuwa dunia yenyewe inazunguka, hewa hiyo haiji kwa njia iliyonyoka, bali hupinda na kuzunguka kama pia. Kwetu sisi tulio kusini ya Ikweta huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa.

Kwa hiyo chakula cha tufani ni joto la bahari. Ikipanda nchi kavu hukosa chakula, ikafifia upesi. Hata hivyo mawingu yake huendelea kumwaga maji mbali na pwani, na mara nyingi maji hayo huleta msiba mkubwa kuliko upepo.

Katikati ya tufani kubwa pana mahali paitwapo jicho. Jicho likipita juu ya kijiji, upepo hunyamaza, na pengine jua huonekana. Mtu asiyejua hudhani kwamba yamekwisha, akatoka kwenda kuutazama mtumbwi wake. Baada ya muda upepo hurudi kwa nguvu ileile, safari hii ukitoka upande wa pili, na humkuta yungali ufukweni. Utulivu huo si amani. Ni nusu ya safari tu.

Tena tufani ina silaha tatu: upepo, mvua, na bahari yenyewe. Upepo huyasukuma maji ya bahari mpaka yakaja nchini kwa wingi kuliko desturi. Jambo hilo likiangukia siku za bamvua, maji yakiwa yamejaa, huingia hata nyumba ambazo wenyewe hawakupata kuyaona mlangoni. Likiangukia wakati wa maji mafu, nafuu ipo. Wazee wa Kilwa Kivinje na Songosongo wanaojua hesabu ya mwezi wana elimu yenye thamani kubwa katika jambo hili.

KWA NINI HUTUJIA MARA CHACHE?

Nguvu ile inayoipinda hewa ni haba sana karibu na Ikweta, na ni nadra kimbunga kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za latitudo kutoka kwenye mstari huo. Kilwa ipo yapata nyuzi 9 kusini ya Ikweta, na Lindi yapata nyuzi 10. Tena vimbunga vingi vya upande huu wa Bahari ya Hindi husafiri kuelekea magharibi, kisha hupinda kuelekea kusini. Ndiyo maana Madagaska na Msumbiji hupigwa mara kwa mara. Sisi tuko ukingoni mwa njia yao. Lakini aliye ukingoni hayuko nje.

Tuzitazame tarehe. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja. Iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, ikazamisha vyombo bandarini. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo ikaipita Unguja kwa karafuu. Tufani hiyohiyo ilifika Bagamoyo na kubomoa majengo ya misheni ambayo Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameianzisha mwaka 1868. Tarehe 15 Aprili 1952, siku mbili baada ya Jumapili ya Pasaka, tufani iliipiga Lindi. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliiangukia Cabo Delgado, jirani zetu ng'ambo ya Ruvuma, na watu wa Mtwara na Lindi walikuwa wametahadharishwa. Mwezi Aprili 2021 kimbunga Jobo kilielekea pwani yetu. Na mwanzoni mwa Mei 2024 ndipo akaja Hidaya.

Msomaji atakuwa amekwisha kuona. Yote hayo yalitukia Aprili au mwanzo wa Mei, wakati wa tanga mbili, kaskazi inapoondoka na kusi haijashika. Bahari ingali na joto la miezi ya kaskazi. Msimu wa vimbunga katika bahari yetu huanza Novemba, wala hatusemi kwamba miezi mingine ni salama. Lakini kwa pwani yetu Aprili ndio mwezi wa kuangaliwa.

Tazama tena miaka. Kutoka pigo la Unguja hadi pigo la Lindi ilipita miaka 80. Kutoka lile la Lindi hadi Hidaya ilipita miaka 72. Mtoto aliyezaliwa Lindi mwaka wa tufani alikuwa na miaka 72 Hidaya alipokuja. Nahodha aliyekuwa mtu mzima wakati ule hayuko tena kumfundisha kijana wa leo. Hapo ndipo ilipo hatari yetu. Watu wanaopigwa kila mwaka hujifunza kwa kupigwa; sisi hatuna budi kujifunza kwa kuambiwa, maana kila kizazi hukutana na tufani kama mgeni.

ONYO LISILOTIMIA

Zamani onyo lenyewe halikuwapo. Mwaka 1872 hapakuwa na mtu wa kuwaambia watu wa Unguja kinachokuja. Leo setilaiti hukiona kimbunga kingali mbali baharini, na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huutangazia umma siku kadhaa kabla hakijafika. Mwaka 2024 matangazo yalitolewa mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa.

Lakini lipo jaribu moja. Jobo wa mwaka 2021 alitangazwa, watu wakajiandaa, naye akadhoofika kabla ya kufika nchini. Ni rahisi mtu kusema, “Walitutia hofu bure,” na safari nyingine asisikilize. Fikra hiyo ni kosa. Mtaalamu hupima njia ya kimbunga kama nahodha apimavyo upepo. Anajua kwa sehemu, na sehemu anayoijua yatosha kuokoa watu. Onyo lisilotimia si uongo. Ni mlango tuliofunga usiku ambao mwizi hakuja; hakuna anayejilaumu asubuhi kwa kuufunga.

Kosa hili si la watu wa pwani ya joto peke yao. Marekani ya kaskazini-mashariki, ambako hata Waafrika Mashariki wengi wamehamia, pwani hupigwa na tufani ya namna nyingine: ya majira ya baridi. Hiyo hailishwi na joto la bahari tu, bali na mgongano wa hewa baridi ya bara na hewa ya uvuguvugu ya Bahari ya Atlantiki, nayo hushusha theluji huku upepo ukivuma kwa nguvu. Tarehe 6 Februari 1978, siku ya Jumatatu, watu wa Boston waliamka wakaona theluji iliyotabiriwa haijaanza. Wengi wakaenda kazini kama kawaida. Ilipoanza ilikuja kwa wingi hata ikafikia karibu sentimita 69. Katika barabara moja kuu magari zaidi ya 3,000 yalizikwa yakiwa safarini, na katika eneo lile watu wapatao 100 walipoteza maisha. Utabiri ulikosea saa chache tu. Watu wakadhani umekosea wote.

Nasi tunaosoma Matendo ya Mitume twaikumbuka safari ya Mtume Paulo. Aliwaonya wenziwe kwamba majira ya kusafiri yamekwisha, na kwamba wakiondoka Krete watapata hasara. Akida akawasikiliza zaidi nahodha na mwenye chombo. Kisha upepo mwanana wa kusi ukavuma, wakadhani wamepata walichotaka, wakang'oa nanga. Haukupita muda tufani ikawashika. Watu wote 276 waliokolewa, lakini chombo kilivunjika na shehena ikatupwa baharini. Kilichowadanganya ni upepo mzuri wa asubuhi.

KUTII ONYO KUNA GHARAMA

Ni rahisi kwa mwenye mshahara kumwambia mvuvi, “Usiende baharini.” Mshahara wake haukatwi na upepo. Lakini mvuvi asipotoka siku tatu, watoto wake hula nini? Wavuvi wengine hawakosi masikio; wanakosa akiba. Anayelisikia onyo na bado anasukuma ngalawa yake majini, mara nyingi anamtazama mtoto mwenye njaa kuliko anavyolitazama wingu.

Kwa hiyo onyo ni deni la jamii nzima. Mwenye chombo asimlazimishe baharia kutoka. Mfanyabiashara anayemdai mvuvi ampe nafasi siku hizo. Jumuiya ndogondogo na majirani wa dini zote, kama ilivyo desturi njema ya pwani yetu, wajue ni nyumba zipi zitakazokosa chakula. Na nyumba yenyewe, tangu Machi, itenge kidogo kidogo unga, dagaa wakavu na chumvi. Baba akijua kwamba ndani mna chakula cha siku tatu, ataweza kulitii onyo bila kuwahukumu wanawe kwa njaa.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, tujifunze lugha ya onyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutumia rangi: njano ni angalizo, machungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Tusambaze habari ya Mamlaka yenyewe, si uvumi wa simuni.

Pili, onyo likitoka, vyombo vipandishwe juu ya mstari wa bamvua na kufungwa imara. Mabati yaliyolegea yapigiliwe, makuti makavu na matawi mabovu yaangushwe. Maji safi yatekwe mapema, kwani visima huweza kuchafuka. Simu zijazwe umeme, na vyeti vifungwe ndani ya nailoni.

Tatu, mtu asivuke maji yanayokwenda kwa kasi, hata kama barabara anaijua tangu utoto. Hajui kama chini ya maji barabara ingali ipo.

Nne, wazee, wagonjwa na wajawazito wahamishwe mapema mahali pa juu, mchana, kabla upepo haujaanza.

Tano, tuitunze mikoko. Mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi na kushika udongo. Huko Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, bahari imekuwa ikiila pwani hata kutishia kuta za kale. Atakatapo mikoko ya mbele ya kijiji chake, mtu anabomoa ukuta asioweza kuujenga tena katika maisha yake.

Mwenyezi Mungu ametujalia akili ya kuona mbali na jirani wa kutusaidia. Kuvitupa vyote viwili kisha kuomba muujiza si imani. Tufani nyingine itakuja. Huenda ikawa Aprili ijayo, huenda akaikuta mjukuu. Basi mjukuu huyo aikute habari yake nyumbani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Ni mzee gani wa ukoo au mtaa wetu anayekumbuka au aliyesimuliwa tufani ya mwaka 1952? Tumemwuliza lini?
2. Onyo likitoka leo jioni, ndani mna chakula cha siku ngapi?
3. Nyumba yetu iko juu au chini ya maji ya bamvua? Tutakwenda wapi, na kwa njia gani?
4. Ni jirani yupi asiyeweza kuhama peke yake, na nani kati yetu atamfuata?