Sauti ya Wakili na Uamuzi wa Mahakama: Funzo kwa Wahudumu wa Afya na Wagonjwa

Sauti hutokea hewa kutoka mapafuni inapotikisa nyuzi za sauti zilizomo ndani ya zoloto. Kwa kawaida, nyuzi za mwanamume mtu mzima hutikisika takribani mara 100 hadi 150 kwa sekunde. Za mwanamke, mara 180 hadi 220. Msikilizaji huanza kumkadiria mzungumzaji kwa sauti hiyo kabla ya kuzipima hoja zake. Je, makadirio hayo yana uhusiano wowote na maamuzi ya mahakama?

Mwaka 2016, Daniel Chen, Yosh Halberstam na Alan Yu walichapisha katika jarida la PLOS ONE utafiti kuhusu mawakili wanaume waliofika mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani kati ya 1998 na 2012. Washiriki walisikilizishwa sentensi ya ufunguzi pekee, ya muda usiofika sekunde 3, ambayo ni salamu ya desturi kwa majaji. Kisha walikadiria uanaume wa sauti, mvuto, kujiamini, akili, uaminifu na ukali. Kigezo kimoja tu kilihusiana na matokeo: mawakili ambao sauti zao zilionekana kuwa na uanaume mdogo walielekea zaidi kushinda.

Hata hivyo, uwiano si uthibitisho wa kisababishi, na watafiti hao hawakudai kwamba sauti ndiyo iliyoamua kesi. Wakili asijilazimishe kubadili sauti yake. Kuikaza mara kwa mara huweza kuleta vinundu kwenye nyuzi za sauti.

Kwetu sisi wahudumu, funzo li karibu zaidi. Mgonjwa wa kiharusi, wa Parkinson, au aliyefanyiwa upasuaji wa tezi ya thairoidi anaweza kuzungumza kwa sauti dhaifu au ya kukwaruza. Tusidhani kwamba hana hakika na maelezo yake. Tumsikilize hadi mwisho.

Nawe mgonjwa, sauti ikikwaruza kwa zaidi ya wiki 3, omba kuchunguzwa zoloto, hasa ukiwa mvutaji wa tumbaku. Usisubiri muda huo iwapo unameza kwa shida, unakohoa damu au una uvimbe shingoni. Ukipumua kwa shida, hiyo ni dharura: nenda hospitali mara moja.