Mashine ya Kukatia Chuma kwa Plazima: Ni Ukubwa Gani Utufaao Nyumbani?

Wengi katika wavulana waliotoka shuleni kwetu wamejifungulia karakana ndogo nyuma ya nyumba zao, nao huunda milango, madirisha, mikokoteni na vyombo vya shamba. Mtu wa namna hii akiisha kupata mashine ya kuchomelea na grenda ya mkono, kitu cha tatu akitamanicho ni mashine ya kukatia chuma kwa plazima. Dukani hupangwa kwa ampea: 20, 30, 40, 60 na kuendelea. Mnunuzi asiyejua huhesabu fedha zake, kisha huchukua ile kubwa kuliko zote awezayo kuilipia. Hiyo si njia ya kuchagua. Yuko kijana mmoja aliyeweka fedha za kahawa za misimu miwili akanunua mashine ya ampea 60. Umeme wa nyumbani kwao haukuiweza hata siku moja. Kila alipoiwasha fyuzi ilikatika. Mashine ni nzima, nayo imekaa chini ya gunia.

Basi tuanze na mashine yenyewe. Mwalimu wa fizikia amekwisha kuwafundisha kwamba kitu kigumu kikipata joto huwa majimaji, na majimaji huwa gesi. Gesi nayo ikizidi kupata joto, chembe zake huachana na elektroni zao, ikawa yaweza kupitisha umeme. Hali hiyo ndiyo plazima. Katika mashine hii hewa husukumwa kwa nguvu ipite katika tundu dogo la mdomo wa shaba, na cheche ya umeme huigeuza kuwa plazima yenye joto la nyuzi 20,000 za Selsiasi na zaidi. Chuma huyeyuka mahali hapo, na ile hewa hupuliza majimaji yake yakatoka kwa chini. Robert Gage wa kampuni ya Union Carbide, huko Marekani, alipewa hati ya uvumbuzi huu mwaka 1957. Gesi ya oksijeni na asetilini hukata chuma kwa kukiunguza, na kwa sababu hiyo haiwezi aluminiamu wala chuma kisichoshika kutu. Plazima hukata kila madini yapitishayo umeme.

Sasa swali la kwanza: wakata nini? Usijibu kwa kukumbuka ile kazi moja kubwa uliyoletewa mwaka jana. Jibu kwa kazi za kila juma. Mtengeneza milango na madirisha, awe Katwe mjini Kampala au kijijini, hushika zaidi bomba za mraba za milimita 1.5, mabamba ya milimita 2 au 3, na vyuma vya pembe vya milimita 5. Mara chache atapata bamba la milimita 10. Ukikuta kwamba kazi nane katika kumi hazizidi milimita 6, mashine yako ni ya milimita 6, si ya 20. Ile kazi ya kumi yaweza kupelekwa kwa mwenye gesi.

Hapa jihadhari na maneno ya muuzaji. Mashine moja ina vipimo vitatu, naye hupenda kukutajia kile kikubwa tu. Kipimo cha kwanza ni unene unaokatwa vizuri, ukingo ukitoka safi, kwa mwendo wa milimita 500 hivi kwa dakika. Cha pili ni unene wa mwisho unaoweza kutenganishwa tu, kwa mwendo wa milimita 125 kwa dakika, na ukingo wake hujaa mabonge yatakayokurudisha kwenye grenda. Cha tatu ni unene wa kutoboa, yaani kuanza kukata katikati ya bamba pasipo kuanzia ukingoni, nacho ni kidogo kuliko vyote. Mashine ikiandikwa milimita 12, uliza ni kipimo kipi. Kwa makadirio, mashine nzuri ya ampea 30 hukata vizuri milimita 10. Ya ampea 65 hufika 20. Zile za bei ndogo hazifiki huko, hata ampea zikilingana kwa maandishi.

Swali la pili ni umeme, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Chukueni kalamu. Kanuni ya kimataifa ya kupimia mashine hizi husema hivi: volti za kukatia ni 80 ukijumlisha ampea mara 0.4. Kwa ampea 40 tunapata 80 + 16, yaani volti 96. Zidisha 96 kwa 40, upate wati 3,840. Mashine hupoteza nguvu kidogo kwa joto. Tuseme asilimia 85 tu ndiyo ifikayo kwenye kazi. Basi itavuta wati 4,500 hivi ukutani, nasi kwa volti 240 tunapata karibu ampea 19. Plagi ya kawaida ya nyumbani ni ya ampea 13. Haitoshi. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mashine ya ampea 20, utapata chini ya ampea 9, na plagi yaichukua bila taabu. Ya ampea 30 huwa kwenye mpaka, 13 na nusu. Ya ampea 60 hudai karibu 31, kwa hiyo lazima iwe na waya wake mnene kutoka kwenye mita, na fundi mwenye cheti wa kuuweka. Mashine za bei rahisi huenda zikavuta zaidi ya hesabu hii, kwa jinsi zinavyopokea umeme.

Tena wengi husahau kwamba kompresa nayo hula umeme. Ya nguvu za farasi 2 huvuta ampea 8 au 9, na inapoanza huvuta mara kadhaa ya hizo kwa kitambo kidogo. Mwenye jenereta ajumlishe zote mbili kabla ya kujisifu.

Hewa yenyewe ina hesabu yake. Tuseme mashine yako yataka lita 170 kwa dakika kwa baa 5, na kompresa yatoa kweli lita 120. (Soma ile hewa inayotolewa, si ile inayovutwa, ya pili huandikwa kwa herufi kubwa.) Kila dakika wakosa lita 50. Tangi la lita 50 likishuka kutoka baa 8 hadi baa 5 hutoa mara tatu ya ujazo wake, lita 150. Kwa hiyo utakata dakika tatu, kisha ungoje. Kwa fundi wa nyumbani hilo si baya. Lililo baya ni maji. Katika nchi za kandokando ya Ziwa Viktoria hewa ina unyevu mwingi, na unyevu huo hukusanyika tangini. Maji yakifika kwenye mdomo wa mashine, elektrodi yenye kipande cha hafniamu huliwa upesi sana. Fungua bomba la chini ya tangi kila siku, na weka chujio la maji karibu na mashine.

Hata mashine yenyewe huhitaji kupumua. Kibao cha nyuma husema, mathalani, ampea 40 kwa asilimia 35: maana yake dakika tatu na nusu za kazi katika kila kumi, penye joto la nyuzi 40. Ukitaka kujua yaweza ampea ngapi bila kupumzika, zidisha 40 kwa 40 kwa 0.35, upate 560, kisha tafuta kipeo chake cha pili: karibu 24. Chini ya paa la mabati saa nane mchana, hesabu pungufu ya hapo.

Kwa maoni yangu, fundi wa milango atafanya vema kuchukua ya ampea 30 au 40 iliyo nzuri, pamoja na kioo cheusi cha namba 5 au 6 cha kukinga macho, na asikate kamwe pipa lililofungwa lililokuwa na petroli. Ulizia pia kama midomo na elektrodi zake zauzwa katika mji wako, maana hivyo ndivyo utakavyonunua tena na tena.

Siku ya kununua, chukua kutoka nyumbani kipande cha bamba la milimita 6, upana wake milimita 250. Mwambie muuzaji akikate mbele yako huku ukitazama saa. Sekunde 30 zatosha. Zikizidi, au ukingo ukitoka na mabonge, muulize bei ya ile inayofuata.