Mwenzetu Karudi Nyumbani: Sisi Tuliobaki Tujiulize Nini?



Mwezi uliopita mwenzetu mmoja wa idara ya hesabu hapa Dubai kafunga mkataba, kakata visa, karudi Tanga baada ya miaka saba. Tulichangishana zawadi, tukala pilau, tukaagana. Kesho yake, wakati wa chai, kila mtu anauliza: "Hivi na mimi nikiondoka leo, nina nini?" Swali hilo tusiliache lipite hivi hivi. Leo tulifanyie hesabu.

Hesabu ya kwanza: kiinua mgongo chako

Kwa sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, aliyemaliza angalau mwaka mmoja anastahili mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya mwanzo, na siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Angalieni vizuri: inahesabiwa kwa mshahara wa msingi. Posho ya nyumba na ya usafiri hazimo. Siku za likizo bila malipo nazo hazimo. Wafanyakazi wa majumbani wana sheria yao, na walioko eneo la DIFC wana utaratibu wao, kwa hiyo someni mikataba yenu.

Chukua mtu anayepokea dirham 2,500, lakini mshahara wa msingi ni 1,500. Siku moja ni dirham 50. Kwa miaka saba:

- Miaka 5 ya mwanzo: 21 × 5 × 50 = 5,250
- Miaka 2 inayofuata: 30 × 2 × 50 = 3,000
- Jumla: dirham 8,250

Mwajiri ana siku 14 baada ya mkataba kuisha kukulipa haki zako zote.

Hesabu ya pili: wanaokutegemea

Sasa gawa hiyo jumla kwa pesa unayotuma nyumbani kila mwezi. Ukiwa unatuma 900, basi 8,250 ni miezi tisa na siku chache. Miaka saba ya jua la Ghuba, miezi tisa ya matumizi ya nyumbani! Na hapo wewe mwenyewe hujala, hujalipa nauli, hujaanza biashara yoyote. Ndiyo maana tunasema kiinua mgongo si akiba. Ni daraja la kuvukia kutoka kazi moja kwenda maisha mengine.

Hesabu ya tatu: lengo lenye kiasi na tarehe

"Nataka kujenga" ni ndoto tu. "Nataka dirham 18,000 za kupandisha nyumba mpaka bati, ndani ya miezi 36" ni lengo, maana linakuambia uweke 500 kila mwezi. Ukiona 500 haiwezekani, usijidanganye. Ongeza miezi au punguza vyumba. Miezi 45 ni 400 kwa mwezi.

Dirham imefungwa kwenye dola tangu 1997, dola moja kwa 3.6725, lakini shilingi yetu haijafungwa. Saruji na bati utanunua kwa shilingi. Kwa hiyo andika gharama kwa shilingi, kisha kila miezi sita uigeuze upya kuwa dirham uone kama bado uko njiani.

Mambo yanayobadilika mara moja

Mtu akiondoka, na matumizi ya waliobaki yanabadilika. Mlikuwa wanne kwenye chumba cha dirham 2,400, kila mmoja akitoa 600. Mkibaki watatu ni 800. Hiyo 200 ya ziada ikikosa mpango itatoka kwenye akiba, si kwenye vocha wala safari za mall. Tafuteni wa nne mapema, na kubalianeni bei mpya kabla mwezi haujaanza.

Na kama mlikuwa na mchezo wa kupeana, hakikisheni anayeondoka kalipa au kalipwa kabla hajakabidhi kitambulisho. Akishapanda ndege, kudai ni uadui.

Usiige safari ya mtu

Huyu kaondoka kwa sababu watoto wamemaliza shule. Yule kaondoka kwa sababu mama anaumwa. Wewe sababu yako ni ipi? Wapo wanaorudi kwa kuona mwenzao karudi, baada ya miezi minne wanatafuta wakala wa visa upya. Na wapo wanaoongeza mkataba kila mara kwa kuogopa tu, mpaka siku kampuni inawaambia basi. Wote wawili wamekosa tarehe yao wenyewe.

Wazee walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Kurudi tutarudi tu.

Kazi ya wiki hii

Chukua daftari, andika mistari minne: kiinua mgongo changu leo ni kiasi gani, akiba yangu nje ya hicho ni kiasi gani, lengo langu ni kiasi gani, narudi mwezi gani na mwaka gani. Kisha mpigie mke, mume au mzazi, umsomee. Tarehe ikijulikana nyumbani, nao wataanza kujiandaa na siku ambayo pesa ya mwisho wa mwezi haitaingia tena.