Pesa ya Uzeeni: Fanya na Usifanye kwa Anayeanza Kazi

Kijana wa Kitanzania aliyepokea mshahara wake wa kwanza ana haraka ya kununua simu na kochi. Sheria inamtaka astaafu akiwa na miaka 60, au 55 kwa hiari. Aanze kujiwekea akiba leo.

FANYA: Tenga akiba siku mshahara unapoingia, kabla ya kodi ya nyumba na michango ya harusi. Ukisubiri kitakachobaki, tarehe 20 utakuwa unakopa nauli. Iagize benki yako ihamishe kiasi hicho yenyewe kila mwezi. Chukua shilingi 50,000 kwa mwezi: zikipata faida ya asilimia 10 kwa mwaka, na faida hiyo isiguswe, baada ya miaka 30 zitapita shilingi milioni 110. Ukichelewa miaka 10 tu, utaambulia kama milioni 38.

USIFANYE: Usiridhike kuona makato ya pensheni kwenye hati ya mshahara ukadhani yamefika kwenye mfuko wako wa hifadhi ya jamii. Hapa ndipo watu wanapoumizwa zaidi, na wanaumizwa kimyakimya. Kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, NSSF inatakiwa kupokea asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kukukata zaidi ya nusu yake. Kwa mtumishi wa umma, PSSSF inapokea asilimia 5 kutoka kwako na 15 kutoka kwa mwajiri. Wapo waajiri wanaokata na wasipeleke. Pensheni ya uzeeni inadai michango isiyopungua miezi 180, na pengo la miezi michache linaweza kukunyima. Chukua taarifa yako ya michango angalau mara mbili kwa mwaka, uisome mwezi kwa mwezi. Ukiona pengo, mwandikie mwajiri barua, kisha nenda ofisi ya mfuko ukiwa na hati zako za mshahara. Hati hizo usizitupe hata moja. Usione haya kudai; hilo ni jasho lako.

FANYA: Kama wewe ni bodaboda, mama lishe, fundi au mkulima, jiandikishe NSSF kama mchangiaji wa hiari. Mkulima achangie akishauza mazao, pesa ikiwa bado mkononi.

USIFANYE: Usikifanye kikundi cha kuweka na kukopa cha VICOBA kuwa pensheni yako. Kinafaa kwa ada za shule na msiba wa ghafla, lakini mwisho wa mzunguko kikundi kinavunjwa, mnagawana, na pesa inaishia kwenye sikukuu. Kibubu ndiyo kabisa: shilingi iliyolala humo miaka 20 itaamka hainunui kitu.

FANYA: Akiba ya muda mrefu ipeleke panapozaa. UTT AMIS ina mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ukiwamo Mfuko wa Umoja ulioanza 2005. Unanunua vipande kidogo kidogo na unaweza kuviuza ukibanwa. Ukifikisha shilingi milioni moja, uliza benki yako kuhusu hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu. Zipo za miaka 2 hadi 25, na riba hulipwa kila baada ya miezi sita.

USIFANYE: Usipande mbegu kwenye upatu. Waliopanda pesa zao kwenye upatu wa DECI waliahidiwa mavuno makubwa kwa muda mfupi, na mwaka 2009 serikali ikaifunga huku maelfu wakiwa wameweka humo ada, mitaji na viinua mgongo. Aliyevuna alikula pesa ya aliyeingia nyuma yake. Majina yanabadilika, siku hizi wanakuja kwa makundi ya WhatsApp, lakini mchezo ni uleule. Anayekuahidi kuzidisha pesa zako maradufu kwa mwezi, mfukuze.

USIFANYE: Usiguse mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, na kadi yako ya benki usimwachie mkopeshaji hata kwa siku moja.

USIFANYE: Usipange maisha yako ya uzeeni juu ya mkupuo unaolipwa ukistaafu. Kikokotoo cha mafao kilichoanza Julai 2022 kilitoa mkupuo wa asilimia 33, baadaye ukapandishwa hadi 40 kwa baadhi. Kinachobaki ni pensheni ya mwezi. Nyumba ijengwe ungali kazini, hata kwa tofali chache kila mwaka. Na mkupuo ukifika, usinunue daladala kama hujawahi kusimamia hata moja. Mwalimu aliyeshika chaki miaka 35 hageuki mfanyabiashara wa magari kwa wiki moja, na madereva wanalijua hilo kabla yake. Weka pesa mahali salama kwa miezi sita, bila kumkopesha mtu, hata mwanao.

FANYA: Wasajili wategemezi wako kwenye mfuko, na sahihisha orodha ukioa, ukiolewa, ukizaa au ukifiwa. Mwambie mwenzi wako namba yako ya uanachama na mahali zilipo karatasi.