Sala na Saa za Kazi Katika Nchi ya Ugeni

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeifanya ardhi kuwa pana kwa wenye kutafuta riziki. Rehema na amani zimfikie Mtume wake Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa masuala yanayoulizwa sana na familia zilizohamia nchi za mbali ni hili: Muislamu ataiwekaje Sala mahali pake, na hali siku yake imekatwa vipande kwa kazi, shule na safari za kwenda na kurudi? Kwa aliyekulia Unguja, Pemba au Maskati jambo hili halikuwa zito. Adhana husikika kila mtaa, na aliye karibu naye pia husali. Lakini London, mwezi wa Desemba, jua huchwa kabla ya saa kumi alasiri. Basi Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote humkuta kazini. Na mwezi wa Juni jua huchwa baada ya saa tatu usiku, Isha ikaangukia saa ya kulala.

Hapo watu huingia katika moja ya makosa mawili. Wako wanaolimbikiza Sala za mchana wazisali usiku, kwa hoja ya kwamba kutafuta riziki nako ni ibada. Na wako wanaojitwisha uzito ambao sheria haikuwatwisha, hata wakaona dini na kazi haviwezi kukaa pamoja. Na mara nyingi kinachoachwa mwisho ni Sala. Dawa ya makosa yote mawili ni moja, nayo ni kuzijua hukumu za Sala yenyewe.

1. Kazi ni halali, na wakati una haki yake

Katika Surat al-Jumu'a, aya ya 9 na ya 10, Waumini wameamrishwa waache biashara inaponadiwa Sala ya Ijumaa, kisha itakapomalizika watawanyike watafute fadhila za Mola wao. Hawakuambiwa wafunge maduka siku nzima, wala hawakuachiwa wauze katika wakati wa Sala. Na Surat an-Nisaa, aya ya 103, imebainisha kuwa Sala ni faradhi iliyowekewa nyakati maalumu. Kwa hiyo anayeiacha kwa makusudi mpaka wakati wake ukatoka ametenda dhambi kubwa, na yampasa kutubia pamoja na kuilipa.

Wema waliotangulia hawakuwa watu wasio na kazi. Imamu Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima, aliyeishi Basra katika karne ya 2 ya Hijria, alikuwa msusi wa makapu, na kwa kazi hiyo akajulikana kwa lakabu ya al-Qaffaf. Pamoja na hayo, kwake ndiko walikotoka wabebaji wa elimu waliokwenda Oman, Yemen na Maghrib. Mkono ulisuka, na elimu ikasomeshwa.

2. Je, mhamiaji ni msafiri?

Kwa wanavyuoni wa Kiibadhi, kupunguza Sala safarini ni wajibu, si hiari. Imepokewa kwa Bibi Aisha (R.A.) kwamba Sala ilifaradhishwa rakaa mbili mbili, ya safarini ikabakia hivyo, na ya mkaazi ikazidishwa. Mwenye kuvuka farsakh mbili kutoka katika mji wake, nazo ni kiasi cha kilomita 12, husali Adhuhuri, Alasiri na Isha rakaa mbili mbili. Kupunguza huko hakuna idadi ya siku. Huendelea muda wote ambao mtu hajaifanya nchi ile kuwa makazi yake. Lakini akisali nyuma ya imamu mkaazi, humfuata na kutimiza.

Basi mwanafunzi aliyekwenda kusoma kwa miaka mitatu, na nia yake ni kurejea, ni msafiri. Ama aliyehamia na mkewe na watoto, akatulia na kuyaridhia maisha ya huko bila ya azma ya kuondoka, huyo ameshafanya makazi, na yampasa kutimiza rakaa nne. Kutamani kwa ulimi kurudi nyumbani siku moja hakumfanyi kuwa msafiri. Mambo haya hutegemea nia na hali ya mtu kwa pamoja. Mwenye shaka na amuulize mwanachuoni kabla ya miaka kumpita.

3. Kukusanya si kupunguza

Hapa wengi huchanganya. Msafiri anaruhusiwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha; ila akiwa ametulia mahali, bora kwake ni kusali kila moja kwa wakati wake huku akipunguza. Mkaazi naye imempokelea Ibn Abbas (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikusanya akiwa mjini bila ya khofu, wala safari, wala mvua. Kwa hiyo tabibu aliye katika upasuaji mrefu, au mwenye zamu asiyoweza kuiacha, anayo nafasi ya kukusanya. Lakini husali nne kwa nne, wala hapunguzi. Tena ruhusa hii ni ya dharura. Haifanywi desturi ya kila siku. Na Alasiri haikusanywi na Magharibi kwa hali yoyote.

4. Matayarisho

Sala ya faradhi pamoja na udhu haizidi robo saa, na wakati wa mapumziko ya kazini mara nyingi hutosha. Mwenye kazi na amueleze msimamizi wake mapema, kwa adabu. Tatizo linalowasumbua wengi ni kuosha miguu, kwani kwa Maibadhi kupaka juu ya khofu au soksi hakutoshi. Aliye na udhu tangu nyumbani na auhifadhi. Asiyeweza, chupa ya maji na taulo ndogo humwondolea udhia.

Nyumbani nako, Surat Twaha, aya ya 132, imemuamuru Mtume (S.A.W.) awaamrishe watu wake Sala na aisubirie. Mtoto anayemwona baba akiuliza wakati wa Magharibi kabla ya kupanga safari ya dukani hujifunza kuwa siku hupangwa kwa Sala. Anayemwona akizilipa zote kwa haraka usiku hujifunza kinyume chake, hata akihimizwa vipi kwa maneno.

Mwenyezi Mungu awajaalie Waislamu walio ugenini riziki ya halali, na Sala isiyopotea kwa ajili yake. Amin.