Somo la Afya Mtaani: Mfahamu Daktari Wako na Safari Aliyopitia

Ndugu mkazi, mtoto akishikwa na homa usiku pale Laini Saba au Gatina, asubuhi mzazi hukimbilia kliniki iliyo karibu. Humo hukutana na mtu aliyevaa koti jeupe, naye humwita "daktari". Ni salamu ya heshima. Lakini jina hilo moja huficha watu wa mafunzo tofauti, na wakati mwingine huficha mtu asiye na mafunzo yoyote. Katika somo hili tutajifunza daktari hupitia njia gani, hushirikiana na nani, na wewe unaweza kujilinda vipi.

Sehemu ya kwanza: Ngazi za masomo

Anayetaka kuwa daktari husoma chuo kikuu kwa takriban miaka 6. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufunza udaktari mwaka 1967. Akihitimu, huwa daktari mwanagenzi kwa miezi 12, akifanya kazi chini ya wakuu wake katika wadi za watu wazima, watoto, upasuaji na uzazi. Baada ya hapo ndipo anaweza kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC). Akitaka kuwa daktari bingwa, hurudi darasani kwa miaka 3 hadi 5 zaidi.

Afisa wa kliniki hupitia njia nyingine. Wengi husoma stashahada ya miaka 3, mara nyingi katika vyuo vya KMTC, kisha hufanya uanagenzi. Wana baraza lao la usajili, na wauguzi wana lao. Katika vituo vya afya vya mitaa yetu, mara nyingi anayekupima kwanza ni afisa wa kliniki au muuguzi. Usihisi umepunjwa: wamefunzwa kutibu magonjwa ya kawaida na kutambua yale yanayohitaji daktari.

Sehemu ya pili: Daktari hafanyi kazi peke yake

Tangu 2013, hospitali na vituo vya afya vya kaunti vimekuwa chini ya serikali za kaunti. Sheria ya Huduma ya Afya ya Msingi ya mwaka 2023 inataka vituo vya eneo moja viunganishwe kuwa mtandao. Mlolongo huanzia mlangoni pako. Mhamasishaji wa afya ya jamii hutembelea takriban nyumba 100. Akiona dalili za hatari, hukuelekeza kwenye kituo, kama vile Kituo cha Afya cha Riruta kwa wakazi wa Kawangware, au Kibera South kwa wakazi wa Kibera. Ugonjwa ukizidi uwezo wa kituo, unapewa barua ya rufaa kwenda hospitali kubwa kama Mbagathi.

Daktari mzuri huujua mlolongo huu. Hufunza wanagenzi, hupokea simu ya afisa wa kliniki aliyekwama, na humrudisha mgonjwa kituoni akiwa na maelezo ya matibabu aliyopata. Kila mwaka huhuisha leseni yake, na ili aipate lazima aonyeshe kwamba ameendelea kujifunza. Pia wapo madaktari bingwa wa familia, waliosomea kuhudumia watu wa rika zote katika jamii. Chuo Kikuu cha Moi kilianza kuwafunza mwaka 2005.

Sehemu ya tatu: Mfano kutoka Kibera

Tabitha Atieno Festo alikuwa muuguzi na mkazi wa Kibera. Alianza kuuza mboga kwa mtaji wa dola 26 za Marekani, na kutokana na biashara hiyo akafungua kliniki ndogo nyumbani kwake. Aliaga dunia mwaka 2004, lakini kliniki ilikua na ikabeba jina lake. Aliyewajua majirani kwa majina aliweka msingi, na wataalamu wengine wakajenga juu yake.

Sehemu ya nne: Wajibu wako

1. Uliza jina na cheo cha anayekutibu. Ni haki yako, wala si utovu wa adabu.
2. Omba kuona leseni ya kliniki na ya mhudumu. Jina la daktari linaweza kutafutwa katika sajili ya KMPDC mtandaoni.
3. Mtu akikataa kujitambulisha, au akikudunga sindano bila kukupima, ondoka, kisha umpashe habari chifu au afisa wa afya wa eneo lako.
4. Tunza kadi, matokeo ya vipimo na barua za rufaa. Bila hizo, daktari wa hospitali huanza upya na muda hupotea.
5. Kama mwanao anatamani udaktari, mhimize mapema katika Biolojia, Kemia, Fizikia na Hisabati. Njia ni ndefu, lakini si ya watoto wa matajiri pekee: wapo wanaosoma kwa mkopo wa HELB.

Maswali ya kujadili katika chama au baraza

- Je, unajua jina la mhamasishaji wa afya anayehudumia nyumba yako?
- Mara ya mwisho ulipotibiwa, alikuwa daktari, afisa wa kliniki au muuguzi? Ulijuaje?
- Nani anawakilisha wakazi katika kamati ya kituo chenu cha afya, na mara ya mwisho alileta ripoti lini?

Kumbuka: kuuliza ni bure, na kunaweza kuokoa maisha ya mtoto wako.