SOMO: PENDEKEZO LA KUBADILI MKATABA

Shabaha ya somo hili ni kumwezesha Katibu, Bodi na kila mwanachama kutambua tofauti iliyopo kati ya pendekezo la kubadili mkataba na mabadiliko yenyewe.

Mfano

Chama cha msingi huko Dirma, wilayani Hanang, kimekubaliana kumwuzia mfanyabiashara kilo 10,000 za maharage kwa shilingi 2,000 kila kilo. Siku ya kupakia, lori limekwisha fika na wapagazi wanangoja, mfanyabiashara anasema kuwa bei imeanguka. Atalipa shilingi 1,850 tu. Karani wa ghala, akichelea lori lisije likarudi tupu, anaandika bei hiyo katika hati ya mzigo na kutia sahihi. Kwa tendo hilo la dakika moja, shilingi 1,500,000 za wanachama zimeingia hatarini. Mkulima aliyekwisha piga hesabu ya ada ya shule kwa bei ya kwanza atauliza: ni nani aliyekubali?

Sheria inavyosema

Sheria ya Mikataba (Sura ya 345), iliyotungwa mwaka 1961 kwa kufuata ile ya India ya mwaka 1872, inaruhusu pande mbili kubadili mkataba wao zikipatana. Neno kuu ni kupatana. Upande mmoja hauna uwezo wa kubadili peke yake. Unaweza kupendekeza tu. Tena, kukubali sharti kuwe kamili. Anayejibu, "Nakubali, lakini ulipe leo," hajakubali bado. Ametoa pendekezo jipya.

Kifungu cha mabadiliko

Kila mkataba wa chama uwe na kifungu kinachoeleza mambo haya matano:

1. Mabadiliko ni nini: bei, kiasi, ubora, siku au mahali pa kukabidhi, na namna ya kulipa.
2. Nani awezaye kupendekeza, na nani awezaye kukubali kwa niaba ya kila upande. Karani wa ghala hupokea na kupima mzigo. Hakabidhiwi uwezo wa kubadili bei.
3. Pendekezo liletwe kwa maandishi, likitaja sababu, na jinsi litakavyogusa fedha na muda.
4. Siku za kujibu. Ielezwe wazi kuwa kunyamaza si kukubali.
5. Wakati jibu linapongojwa, masharti ya awali yanaendelea.

Kazi ya Katibu

Katibu akipokea pendekezo, aandike tarehe ya kulipokea na kulifikisha kwenye Bodi. Uamuzi uingizwe katika muhtasari wa kikao, na jibu lipelekwe kwa barua. Jambo linalozidi uwezo ambao masharti ya chama yameipa Bodi lipelekwe kwenye Mkutano Mkuu. Pendekezo likikubaliwa, iandikwe nyongeza ya mkataba yenye namba na tarehe, itiwe sahihi na wenye mamlaka wa pande zote mbili, na kuwekwa katika jalada moja na mkataba wa awali. Kisha wanachama wajulishwe. Wahenga walisema: mali bila daftari huisha bila habari.

Chama nacho kinaweza kuhitaji mabadiliko

Kifungu hiki si ngome ya kumzuilia mnunuzi tu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, yakaua watu na kuziba barabara Katesh. Katika msiba wa namna hiyo, chama chenye mzigo wa kukabidhi kesho yake kingehitaji siku zaidi. Chama chenye kifungu kizuri huandika mara moja, hutaja sababu na kuomba tarehe mpya. Kisicho nacho hubaki kutegemea huruma ya mnunuzi. Basi chama kisidharau pendekezo la mwenzake. Kilipime kwa haki na kulijibu kwa wakati.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mfano wa Dirma, karani angemjibu nini mfanyabiashara, na angempeleka kwa nani?
2. Masharti ya chama chenu yanampa nani uwezo wa kukubali bei mpya?
3. Fungueni mkataba mmoja wa chama chenu. Je, una kifungu cha mabadiliko? Kama hauna, kiandikeni kwa pamoja kabla ya msimu ujao.